Anti Anajibu: Voliboli ya Wanawake Vyuo vya Marekani, Nani Analipa na Masomo Je?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu ile timu ya voliboli ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Nebraska, wale waliojaza uwanja wa futiboli ya Kimarekani tarehe 30 Agosti 2023 wakaingia watu 92,003, nikajua yameisha. Wapi! Meseji zimemiminika kutoka Eldoret mpaka Morogoro, na wengi wala hawaulizi habari za smeshi na bloku, wanauliza hela na shule. Sawa, twende huko huko. Barua nimezifupisha, majina nimeyatoa.

Dada, habari ya kazi. Mimi ni mama hapa Eldoret, msichana wangu wa pili yuko Form Three, anachezea shule na ashanipita urefu mimi na babake. Kuna jamaa amekuja anasema anaweza kumpatia skolashipu full ya Amerika lakini kwanza tumpe elfu themanini ya kufungua faili. Nauliza, hiyo full ni full kweli? Na hiyo ya faili ni ya nini?

Mama, hiyo ya faili ni ya kazi gani ameijua mwenyewe, ila chuoni haifiki, hilo nakuhakikishia. Kocha wa chuo Marekani halipwi na mzazi ili aangalie mchezaji. Anasoma imeli zake mwenyewe au wasaidizi wake wanasoma, na kuandika imeli ni bure. Faili la kweli liko moja, la NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo, wana ofisi yao ya kukagua kama mchezaji ana sifa za kielimu na kama hajawahi kuwa mchezaji wa kulipwa, unafungua akaunti kwenye mtandao wao wenyewe na ada unawalipa wao, hakuna mtu wa katikati.

Sasa full. Kwa miaka mingi sheria ilikuwa hivi, timu ya voliboli ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza, yaani daraja la juu la michezo ya vyuo, iliruhusiwa skolashipu 12, na voliboli ilikuwa kwenye kundi la michezo ambayo skolashipu haikatwi vipande, ukipewa umepewa nzima. Karo, chumba, chakula, vitabu, na tangu 2015 vyuo vikubwa vinaongeza na kiasi cha matumizi madogo madogo, nauli na sabuni tuseme. Mwaka 2025 mambo yakabadilika baada ya ile kesi kubwa ya House, wachezaji walioishtaki NCAA wakidai malipo, jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano tarehe 6 Juni, sasa hakuna tena hesabu ya skolashipu, kuna hesabu ya wachezaji, 18 kwa timu kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano. Chuo kinaweza kuwapa wote 18 skolashipu nzima, kinaweza pia kuwagawia nusu nusu. Hapo ndipo watu wengi hawajashtuka bado. Zamani ukisikia skolashipu ya voliboli Divisheni ya Kwanza ulijua ni nzima, leo inabidi uulize asilimia ngapi, na jibu ulipate kwa maandishi.

Divisheni ya Pili walikuwa na skolashipu 8 tu za kugawana timu nzima, kwa hiyo huko vipande ndio kawaida. Divisheni ya Tatu hawatoi skolashipu ya michezo kabisa, na wale wa Ivy League, kina Harvard na Yale, ingawa wako Divisheni ya Kwanza nao hawatoi, wanaangalia tu hali ya familia na kusaidia kwa njia hiyo, ambayo kwa familia isiyo na kitu wakati mwingine inazidi hata hiyo full ya wengine. Alafu kuna vyuo vya miaka miwili, vinatoa skolashipu na watu wetu wengi huwa wanaanzia huko, sio aibu hata kidogo.

Ambacho full mara nyingi haifikii ni mlangoni. Ada ya SEVIS, ule mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wageni, ni dola 350, visa yenyewe ya mwanafunzi dola 185, tiketi ya ndege, na nguo za baridi maana Nebraska mwezi wa pili sio Eldoret. Na kuna hii ambayo huyo jamaa hawezi kukwambia kwa sababu hata yeye haijui: mwanafunzi mgeni mwenye visa ya F-1 anakatwa kodi ya 14% kwenye ile sehemu ya skolashipu ya chumba na chakula. Karo na vitabu vya lazima havikatwi. Kuna nchi zina mkataba wa kodi na Marekani na wanafunzi wao wanapunguziwa, Kenya haina, Tanzania haina. Mtoto anafika, mwisho wa muhula anaona deni kwenye akaunti yake ya chuo, anadhani ametapeliwa, kumbe ni kodi. Uliza mapema chuo kinasaidiaje.

Na kocha kuruhusiwa kumtafuta mchezaji, kwenye voliboli inaanza tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa pili wa sekondari yao, ambayo kwa hesabu yenu ni Form Two, kwa hiyo binti ameshapita hapo, wanaweza kumjibu hata leo. Hizo elfu themanini nunua simu yenye kamera nzuri, mtu asimame nyuma ya mstari wa sevu, juu kidogo, arekodi mechi nzima, nasema nzima na sio vipande vya smeshi tu vilivyopigiwa muziki. Kocha anataka kuona akikosea anafanya nini kwenye pointi inayofuata. Andika na anagusa urefu gani akiruka kwa kukimbia na akiruka bloku, hilo ni swali la kwanza wanalouliza, na uwaandikie kwa futi na inchi maana sentimita hawazisomi. Ripoti za shule nazo ziende hapo hapo kwenye imeli ya kwanza.

Dada mkubwa, heshima yako. Mimi nafundisha timu ya wasichana chuo kimoja hapa Dar. Kocha ni mimi, anayejaza upepo mipira ni mimi, anayeandika barua ya kuomba basi ni mimi, na mshahara wangu ni wa kufundisha darasani, voliboli ni mapenzi tu. Wenzetu wana watu wangapi?

Mdogo wangu pole, na usisome hii ukiwa na njaa.

Timu kubwa ya Divisheni ya Kwanza ina kocha mkuu na makocha wasaidizi, mmoja kawaida ana maseta, mwingine ana mapokezi na ulinzi, mwingine bloku, na wote hao kazi yao kubwa nyuma ya pazia ni kutafuta wachezaji, wanazunguka mashindano ya vijana karibu mwaka mzima. Mpaka 2023 kulikuwa na nafasi moja ya kocha wa kujitolea, yaani mtu anafanya kazi full time kama wenzake lakini sheria inakataza kumlipa, wakaiondoa hiyo Julai 2023 na sasa chuo kinaweza kumlipa. Kwa hiyo jua tu kwamba huko Marekani pamoja na utajiri wote huo, mwenzako wa mapenzi tu alikuwepo mpaka juzi.

Alafu kuna mkurugenzi wa uendeshaji, huyo ndiye wewe unapoandika barua ya basi, kazi yake ni safari, hoteli, chakula, ratiba na risiti. Kuna mtaalamu wa takwimu anakaa na kompyuta pembeni ya uwanja anaingiza kila mguso wa mpira, wengi wanatumia programu ya Data Volley ya Waitaliano, na kocha anaisoma hapo hapo mechi ikiendelea. Kuna mtu wa majeraha, mtu wa mazoezi ya nguvu, mtu wa lishe, mwanasaikolojia, mshauri wa masomo, mtu wa habari na mitandao. Hawa wengi wanagawana na timu nyingine za chuo, usidhani kila mmoja ni wa voliboli peke yake. Na wapo wanafunzi wanaookota mipira na kufua jezi, wengine wanapunguziwa karo, na vyuo vingi vina wavulana wa mazoezi ambao kazi yao ni kuwapigia mabinti smeshi nzito za kiume ili wazoee. Hili la mwisho unaweza kulifanya kesho hapo Dar bila senti tano.

Ila kwa habari ya makocha, mimi kinachonivutia sio idadi. Ubingwa wa NCAA wa wanawake ulianza 1981, na kwa zaidi ya miaka 40 kila bingwa alikuwa na kocha mkuu mwanaume. Kila bingwa! Mchezo wa wanawake, sheria ya usawa ipo tangu 1972, na bado. Mary Wise wa Florida alifika fainali mara mbili, 2003 na 2017, zote akapoteza. Mpaka Desemba 2024, fainali ikachezwa Louisville, chuo cha Penn State na wenyeji chuo cha Louisville, na makocha wote wawili wanawake, Katie Schumacher-Cawley upande wa Penn State na Dani Busboom Kelly upande wa Louisville, kwa hiyo kabla hata ya sevu ya kwanza historia ilishaandikwa. Penn State wakashinda seti 3 kwa 1. Na huyo Schumacher-Cawley msimu huo alikuwa anatibiwa kansa ya titi, anapata dawa na anakaa benchi. Kiti chake alikirithi kwa Russ Rose aliyekaa hapo tangu 1979 akachukua makombe 7, manne mfululizo 2007 hadi 2010, na mechi 109 bila kufungwa. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa Rose.

Na Busboom Kelly? Mwezi mmoja tu baada ya ile fainali John Cook wa Nebraska akastaafu, miaka 25 na makombe 4, na Nebraska hawakutangaza nafasi wiki tatu nne kama sisi, walishajua wanamtaka nani, wakamrudisha Busboom Kelly nyumbani, maana alikuwa libero wao, yaani mlinzi wa nyuma, kwenye ubingwa wa 2006. Ukitazama vizuri programu hizi zinajizalia makocha zenyewe. Nadhani hapo kuna kitu unaweza kukichukua zaidi ya hiyo kompyuta ya takwimu: yule binti wako wa mwaka wa tatu anayepanga wenzake uwanjani, mpe mazoezi ya Jumatano ayaongoze yeye.

Anti, mimi ni mhasibu hapa Mombasa, naomba hesabu tu. Timu ya voliboli ya wanawake inaleta faida au hasara? Kama ni hasara nani anafidia, na kwa nini?

Hasara, ndugu yangu. Karibu zote.

Fikiria gharama zake, skolashipu za wachezaji ambazo idara ya michezo inailipa chuo chake yenyewe kitabuni (wewe mhasibu utacheka hapo), mishahara, ndege, hoteli, vifaa, na kutafuta wachezaji. Mapato ni tiketi, wafadhili, wachangiaji, na kipande cha hela za televisheni. Kwenye vyuo vingi tiketi za voliboli hazilipi hata mishahara ya makocha. Anayefidia ni futiboli ya Kimarekani na basketi ya wanaume pale zinapoingiza, na vyuo vidogo ambavyo futiboli yao nayo haiingizi kitu, wanafidia kwa ada wanayotozwa wanafunzi wote na hela ya chuo chenyewe.

Kwa nini wanafidia? Title IX. Ni sheria aliyoisaini Rais Nixon Juni 1972, inasema chuo kinachopokea hela ya serikali kuu hakiwezi kubagua kwa jinsia. Futiboli ilikuwa na skolashipu 85 za wanaume na hakuna mchezo wa wanawake wenye jeshi kama hilo, kwa hiyo ili mizani ikae sawa ikabidi michezo ya wanawake ipewe zaidi kwingine. Ndio maana voliboli ya wanawake ilikuwa na skolashipu 12 na ya wanaume 4.5, nne na nusu! Timu za wanawake Divisheni ya Kwanza ziko zaidi ya 330, za wanaume hata 40 hazifiki. Sio kwamba Wamarekani wanapenda voliboli ya wanawake mara nane zaidi, ni sheria imefungua mlango na wanawake wakaingia nao wote.

Nebraska ndio tofauti, wao ni wachache mno wanaojilipia na kubakiza. Jimbo lenye watu kama milioni 2, halina timu kubwa ya kulipwa ya futiboli wala basketi, na tangu 2001 tiketi za mechi za nyumbani za voliboli zinaisha kila mechi, zimepita mechi 300 mfululizo. Walihama ukumbi wa zamani 2013 wakaingia Devaney ambao ni mkubwa karibu mara mbili, zikaendelea kuisha. Ile siku ya 92,003 uwanja ulikuwa na watu wengi kuliko mji wowote wa jimbo hilo ukitoa Omaha na Lincoln, na walikuja kuangalia Nebraska wanaifunga timu ya chuo cha Omaha seti 3 bila jibu, mechi ambayo kila mtu alijua matokeo yake. Hiyo haikujengwa na tangazo. Kocha Terry Pettit alianza pale 1977, ubingwa wa kwanza 1995, redio za vijijini zikirusha mechi, wasichana wa mashambani wanakua wakitaka kuwa wao, kama Jordan Larson aliyetoka Hooper, kamji ka watu hata elfu moja hawafiki, akacheza Nebraska alafu akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo na kuchaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Kinachonitia wasiwasi ni haya makubaliano mapya. Kuanzia msimu wa 2025-26 chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, na kikomo cha msimu huo wa kwanza kiliwekwa dola milioni 20.5, michezo yote kwa pamoja. Vyuo vingi vinafuata mgao wa 75% futiboli, 15% basketi ya wanaume, 5% basketi ya wanawake, na 5% iliyobaki wagawane wengine wote. Piga hesabu wewe, 5% ya 20.5 ni kama milioni moja, humo kuna voliboli, riadha, kuogelea, mpira wa miguu, besiboli na ndugu zao. Na hiyo milioni 20.5 haikushuka kutoka mbinguni, imetoka kwenye bajeti ile ile iliyokuwa inafidia, kwa hiyo kuna vyuo vimeanza kufuta timu. Swali la kama Title IX inahusu hela hizi bado linapiganiwa mahakamani.

Na kwa vile uko Mombasa, linganisha na kwetu. Kenya Pipeline, Kenya Prisons, KCB: bomba la mafuta, magereza na benki. Mchezaji anapata ajira na mshahara, na ndizo timu zinazolisha Malkia Strikers, timu ya taifa ya Kenya. KCB wakachukua ubingwa wa vilabu vya Afrika 2022. Mfumo wetu unampa binti kazi, wa kwao unampa digrii. Mimi sioni kwamba mmoja ni wa kishamba na mwingine wa kisasa, ila mchezaji wa kazi goti likivunjika akiwa na miaka 24 natamani angekuwa na cheti pia.

Shikamoo Anti. Niko Morogoro, Form Five PCB (fizikia, kemia, biolojia), nacheza mshambuliaji wa kati, tulifika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Nataka kuwa daktari. Nikienda Marekani kwa voliboli nitaweza kusoma kweli au nitakuwa wa kuruka tu?

Marahaba mwanangu, na hongera ya UMISSETA.

Kwanza jua kwamba udaktari Marekani hausomwi moja kwa moja baada ya Form Six. Unasoma digrii ya kwanza miaka minne, biolojia au kemia au chochote ilimradi masomo fulani umeyapiga, alafu mtihani wa MCAT, ndio unaomba shule ya udaktari, na shule za udaktari zinazopokea wageni ni chache na ghali sana na hapo voliboli haikulipii tena. Muhimbili ungeanza udaktari mwaka wa kwanza. Lipime hilo na wazazi wako kabla hujalewa na picha za uwanja.

Muda sasa. Sheria inasema msimu ukiwa unaendelea mazoezi na mechi visizidi masaa 20 kwa wiki na masaa 4 kwa siku, siku moja ya kupumzika, na nje ya msimu masaa 8. Mechi inahesabiwa masaa matatu hata ikichukua siku nzima, na safari haihesabiwi kabisa. Msimu ni Agosti mpaka Desemba, na tangu 2024 ligi ya vyuo ya Big Ten ina vyuo 18 kuanzia Los Angeles mpaka New Jersey, kama kilomita 4,000 na tofauti ya masaa matatu ya saa. Unacheza Ijumaa upande mmoja wa nchi, Jumatatu asubuhi una maabara ya kemia. Watu wanaweza, nisikudanganye, lakini maabara ya mchana ndio inagombana na mazoezi, na uuguzi ndio mbaya zaidi maana zamu za hospitali haziahirishwi kwa sababu una mechi. Kuna makocha wanakushawishi kimya kimya uchukue kozi nyepesi. Kwa hiyo ukiongea na kocha usiulize "mnajali masomo?" maana wote watasema ndio, uliza ni mchezaji gani miaka ya karibuni alisoma biolojia au kemia na akamaliza akiwa kwenye timu, na uombe kuongea naye. Kama hawamtaji hata mmoja umepata jibu.

Chuo nacho kinabanwa. Kuna alama inaitwa APR, kila mchezaji mwenye skolashipu kila muhula analetea timu pointi moja akibaki na sifa za kielimu na pointi nyingine akibaki chuoni au akimaliza, jumla ikifikia kipimo cha 1,000. Timu ikishuka chini ya 930 inaweza kufungiwa mashindano ya ubingwa. Na wewe mwenyewe ukianza mwaka wa tatu lazima uwe umemaliza 40% ya digrii yako, wa nne 60%, wa tano 80%. Ndio maana kila timu ina mshauri wa masomo na walimu wa ziada bure, wanafunzi wengine wa kawaida wanalipia hiyo huduma, itumie mpaka ichakae. Nebraska wanajivunia hilo kuliko hata makombe, ndicho chuo kinachoongoza Marekani kwa idadi ya wanamichezo waliopewa heshima ya kitaifa ya masomo, michezo yote ikijumlishwa.

Kuingia: masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa 2.3 kwa vipimo vyao, mtihani wa SAT NCAA waliufuta kwenye masharti yao 2023 ila chuo chenyewe kinaweza bado kuutaka, na mtihani wa Kiingereza utaufanya. Wewe na PCB yako hapo huna tatizo. Tatizo ni miaka. Ukimaliza sekondari una mwaka mmoja tu wa neema, baada ya hapo kila mwaka unaocheza mashindano rasmi unaweza kukukata msimu chuoni. Sisi tuna Form Four alafu Form Six alafu tunakaa tukisubiri matokeo tukichezea timu ya jeshi au magereza. Fungua akaunti ya NCAA sasa hivi ukiwa Form Five, tuma matokeo ya Form Four, wakwambie wao wanakuhesabu kuanzia wapi. Na ukichezea klabu ya watu wazima mahali popote usisaini kitu chenye neno mshahara.

Anti, nasikia siku hizi wachezaji wa chuo wanapiga hela ya matangazo. Binti wa kwetu akienda naye anapata? (Kijana wa Kigoma, naulizia dada yangu.)

Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao. Ila mwenye visa ya F-1 anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, tangazo la duka la viatu sio kazi ya ndani ya chuo. Wengi wanasubiri mpaka warudi kwao likizo ndio wasaini na kupigwa picha wakiwa nje ya Marekani. Zile hela mpya za chuo kulipa wachezaji moja kwa moja, vyuo vingi vinaogopa kuwapa wageni kwa sababu hiyo hiyo ya visa. Asiguse kitu bila ofisi ya wanafunzi wa kigeni kusema ndio, hela ya tangazo moja haifai kufukuziwa nchi. Msalimie dada.

Habari Anti, tunakusoma mpaka huku Minneapolis. Sisi ni Wakenya, binti yetu amezaliwa huku, tumemlipia klabu ya voliboli tangu akiwa mdogo, maelfu ya dola kila mwaka, nisiseme. Sasa amekubaliana na chuo kimoja na kocha aliyemtafuta ameondoka ghafla kabla hata hajaripoti. Mume wangu anasema tuachane nacho, binti analia. Tufanyeje?

Dada yangu, mwache alie kidogo alafu mkae mezani na karatasi.

Swali la kwanza: alisaini nini? Ile barua ya zamani ya kujifunga na chuo waliifuta Oktoba 2024, siku hizi kinachosainiwa ni makubaliano ya msaada wa fedha, na hayo ni kati yake na chuo, sio kati yake na kocha. Kwa hiyo kocha kuondoka hakuifuti skolashipu. Na tangu Agosti 2024 vyuo vya Divisheni ya Kwanza havitakiwi kumnyang'anya mchezaji skolashipu kwa sababu kocha mpya hapendi kiwango chake, vilevile vinatakiwa kugharamia majeraha ya michezo mpaka miaka miwili baada ya kuondoka. Kama alikubali kwa mdomo tu hamna kitu, kocha mpya anaweza kumwambia asante kwaheri.

Msikimbilie kuhama. Kuhama kumekuwa rahisi mno, tangu 2024 mtu anahama mara anazotaka ilimradi masomo yake yako sawa, na ndio mtego wenyewe, kila ukihama kuna kozi zinakataliwa kule unakokwenda na ile 40% na 60% niliyomwambia binti wa Morogoro inaanza kukukaba. Mpigieni kocha mpya, ombeni dakika 30 na binti awepo na aongee yeye, baba asimjibie. Aulize nafasi yake kwenye timu ni ipi kwa maneno ya wazi, nani anabaki kati ya wasaidizi maana mara nyingi msaidizi ndiye aliyemtafuta hasa, na wachezaji wangapi wa nafasi yake wanakuja. Alafu muulizeni mshauri wa masomo, sio kocha, kama kozi aliyochagua bado inaendana na ratiba. Kama kocha mpya hana hizo dakika 30 kabla ya mwezi kuisha, mrudieni yule aliyekuwa chaguo la pili, na mumpigie wiki hii hii kabla nafasi zake 18 hazijajaa.